Ngamia Mwenye Sikio Lililochanika

Taesia aliiachia kalibu makusudi. Aliitazama ikishuka, ikapasuka vipande vitatu sakafuni, naye hakuinama kuokota hata kimoja. Sikukuu ya Mtakatifu Mina ilikuwa imebakiza siku tisa.

Kolutho, mwenye karakana, mtu wa sikio lililochanika, alimzaba kofi.

"Mikono ya mlevi! Unajua ulichovunja, we binti wa mwizi?"

"Najua, bwana. Kalibu ya uso wa mbele. Ya mgongo ni nzima." Taesia hakuligusa shavu lake. "Si uliichonga wewe mwenyewe? Chonga nyingine."

Mama Nona, mchochea tanuri, alikohoa kuficha kicheko.

Kalibu ile ya kufinyangia vichupa vya udongo ilichongwa na Pihori, babake Taesia. Mtakatifu amesimama, mikono kaiinua kuomba, na miguuni pake wamepiga magoti ngamia wawili, wale waliogoma kuupeleka mbele mwili wake mpaka ukazikwa hapa hapa. Mahujaji walikipenda kichupa kile kuliko vya karakana zote. Walikijaza mafuta kutoka kwenye taa ya kaburini, wakakivaa shingoni, wakarudi nacho makwao. Kolutho akaingiwa na tamaa. Aliweka mkono juu ya kaburi la mtakatifu, akaapa mbele ya msimamizi wa kanisa kwamba kaichonga yeye, na Pihori kamwibia. Kolutho akapewa kalibu, Pihori akakatazwa kukanyaga kanisani. Miaka miwili alisali nje ya lango pamoja na mbwa, akafia hapo hapo. Yeye aliyewatengenezea watu vichupa visivyo na idadi, hakupakwa tone moja la mafuta yale.

Baada ya mazishi, Taesia alikwenda kuomba kazi kwa Kolutho. Watu walisema hana haya. Naye Kolutho alimpokea kwa furaha, apate wa kumsimanga. Miaka minne msichana aliunganisha nusu ya mbele na nusu ya nyuma kwa uji wa udongo, macho yake kwa tajiri wake kama paka kwenye tundu la panya. Hakumwona ameshika patasi hata siku moja.

Sasa Kolutho alijifungia ghalani. Siku ya tatu akatoka na kalibu mpya, kucha zake zikiwa na weupe wa jasi.

Mama Nona alimsogelea Taesia. "Kakigandamiza kichupa cha zamani kwenye jasi. Mjinga huyu! Mwambie basi, mwanangu."

"Nimwambie nini, mama? Bwana ni fundi."

"Hata ngamia wale walipiga magoti, Taesia. Lainisha moyo."

"Walipiga, ndiyo. Na yeye atapiga."

Kesho yake akaja Apa Psoi, msimamizi wa kanisa. Ilikuwa desturi yake kila mwaka: kichupa cha kwanza kiungwe mbele ya macho yake, akibariki, ndipo karakana ipewe nafasi ya kuuza langoni. Kolutho aligandamiza udongo katika kalibu zote mbili, akazitoa nusu, akazikutanisha. Hazikukutana. Uso wa mtakatifu ulikaa ndani ya mgongo wake kama mtoto ndani ya kanzu ya babake.

"Nini hiki?" aliuliza Apa Psoi.

"Binti huyu kaharibu udongo, baba. Ana mkosi!"

"Udongo ni mmoja, Apa," Taesia alisema taratibu. "Lakini udongo ukikauka hunywea, na motoni hunywea tena. Anayechonga huchonga kikubwa kuliko anachokitaka. Baba yangu alikuwa akizidisha upana wa kidole. Anayenakili kichupa kilichokwisha kuchomwa hupata kidogo. Hilo hata mwanafunzi wa mwezi mmoja analijua."

Apa Psoi aliishika mikono ya Kolutho, akazitazama kucha zenye weupe wa jasi.

"Uliapa juu ya kaburi," alisema.

Magoti ya Kolutho yalifika chini kabla ya maneno yake. "Dada yangu Taesia! Niombee kwa Apa! Nimekulisha miaka minne!"

"Hata mbwa wa langoni walimlisha baba yangu," alijibu Taesia. "Walimwachia mifupa."

Kolutho akatolewa nje ya lango, akasimama palepale pa Pihori. Jina la Pihori lilisomwa madhabahuni, na Apa Psoi mwenyewe akalimwagia kaburi lake mafuta. Watu wakadhani basi, yamekwisha.

Taesia akaketi na jiwe laini na patasi za babake. Alichonga usiku na mchana, akazidisha upana wa kidole. Siku ya sikukuu mahujaji waligombania vichupa vyake.

Mama Nona alikigeuza kimoja kwenye mwanga, akakodoa macho. Ngamia wa kushoto alikuwa na mdomo ulioning'inia na sikio lililochanika. Katika mji wote, sikio kama lile alikuwa nalo mtu mmoja tu.

"We mtoto! Umemfanya nini mwenzio?"

"Nimempeleka hija, mama," Taesia alisema, akimkabidhi kichupa hujaji wa Antiokia. "Sisi tutakufa wote. Yeye atabaki kwenye magoti."