Ncha ya Futikamba

...shikilia hapo hapo mzee, anasema mnunuzi, nami nimeshikilia, ncha ya futikamba nimeibana kwa kidole gumba kwenye kona ya sebule, nimepiga goti kama bwana harusi aliyechelewa, kumbe ninachosaidia ni kufukuzwa kwangu mwenyewe, duniani kuna wajinga halafu kuna mimi, maana nani alimkaribisha huyu bwana ndani, nani alimwambia maji hayakatiki bafuni, nani alifungua dirisha aone upepo unavyopita, ni mimi, mgeni akiingia ulimi wangu unapata wazimu, nimeisifu nyumba hadi dalali akanyamaza akanipisha, naye ndiye anayelipwa kwa maneno... “Mzee huyu hana shida,” dalali anasema kutoka mlangoni, “mtu wa watu, mwisho wa mwezi atakuwa ameshapisha,” nami nikacheka, Mungu wangu, nikacheka, mdomo huu haujui msiba wala harusi... huu ukuta tutauvunja, anasema mnunuzi, anaugonga kwa kifundo cha kidole, ukuta ambao binti yetu alilala nyuma yake wiki zile za kuumwa kifua, mama yake akigonga taratibu kutoka huku, na yeye akijibu kwa ukucha, kwaru kwaru, nipo mama... mwenye nyumba marehemu angekuwa hai asingeuza, aliyeuza ni mwanawe, aliniambia kwa simu, “Mjomba, nimepata mteja, samahani,” nikamjibu usijali mwanangu, usijali, ndio ugonjwa wangu huo, nitazikwa nao, mke wangu akaninyang’anya simu lakini kijana alikuwa ameshakata, kesho yake mke wangu akanivuta kama mbuzi wa mnadani hadi ofisi ya msaada wa sheria, wakili mwenye mafua akasema nyumba ikiuzwa mkataba haufi, wenu unakwisha mwakani, anayenunua ananunua nanyi mkiwa ndani, yeye ndiye mwenye nyumba wenu mpya, akitaka mtoke mapema ni mpaka mkubali, nikamwuliza kwa hiyo mimi ni kama sinki, ninauzwa na nyumba, hakucheka, akapenga kamasi, na njiani mke wangu akasema, “Baba watoto, haki umepewa, sasa usiigawe kama pipi”... vuta kidogo mzee, hivyo hivyo... naona haya kusema, mtu mzima niliyepika melini miaka chungu nzima, nimekula chumvi ya bahari ngapi, na kila bandari sanduku langu lilikuwa limefungwa nusu, nikiambiwa baki nilitania kidogo nikapanda ngazi, watu wakasema huyu ana moyo mwepesi, moyo mwepesi wapi, kuondoka ni rahisi tu, hakuna wa kukukasirikia ukiwa umeshatoweka, lakini sasa nimechoka, si kwa hasira, nimechoka magoti, nimechoka kamba za kufungia magodoro, na huko jikoni sufuria zimenyamaza, mke wangu anapoacha kugonganisha sufuria ujue anasikiliza... “Kwa hiyo mwisho wa mwezi, tumekubaliana?” anauliza mnunuzi, sauti ya upole kabisa, kijana si mbaya, amevua viatu mlangoni, anataka mahali pa kulaza watoto wake kama nilivyotaka mimi, na ndipo inakuwa ngumu, angekuwa mbaya ningemtania, na mzaha huo hapo unakuja, naujua, mzuri hata, wote tungecheka na kufikia Ijumaa ningekuwa natafuta maboksi... naumeza, unapita kwa shida kama kidonge bila maji... kumbe mtu anaweza kumpenda mgeni na bado asimpe kitanda chake, mbona hakuna aliyeniambia, au waliniambia nikawatania... “Mzee, umelala?” anasema dalali, na mnunuzi anangoja, futikamba imenyooka kati yetu, kidole changu kiko kwenye kona, jikoni kimya, sicheki, na lile neno fupi, hapana, limeketi ulimini mwangu, limetulia, halina haraka, kama mpangaji mwenye mkataba...