Makopo ya Rezista

Saa nne asubuhi haijafika, baba yangu alikuwa ameshatangaza vifo vya betri tatu.

Mbili zilikuwa za dukani kwetu. Ya tatu ilikuwa ya kinyozi wa jirani, aliyeagiza kipimo cha volti cha kubandika ukutani ili mashine isizime katikati ya kichwa cha mtu. Baba alikuwa ndiyo kwanza amemaliza kukitengeneza. Kwa betri zote tatu mshale ulisogea kidogo tu, ukagota kwenye moja.

"Imekufa," Baba akasema. "Pole."

"Fundi, asubuhi hii nimenyolea vichwa sita!"

"Ndivyo vilivyoimaliza."

Nikajifanya nafuta vumbi, nikaigusisha betri kipimo changu cha tarakimu. Volti kumi na mbili na nusu, betri nzima kabisa. Baba hakiamini, anasema kitu kisicho na mshale kinaweza kusema lolote.

Kipimo chake hakina mambo mengi. Mshale hufika mwisho ukipata miliampia moja. Ukitaka mwisho huo uwe volti kumi na tano, unauunganisha na rezista, kidude cha kuubana umeme, ya omu elfu kumi na tano. Koili inayousukuma mshale nayo ina omu mia, ila Baba huzipuuza. Kwake hizo ni wasiwasi wa waliosoma. Nikafungua kisanduku cha kipimo cha kinyozi. Rezista husomwa kwa mistari yake ya rangi. Mstari wa tatu wa rezista ulipaswa kuwa wa rangi ya machungwa. Ulikuwa wa njano. Laki moja na nusu, mara kumi ya inayotakiwa.

Baba kukosea rangi? Nikatazama rafu. Jumapili, Baba akiwa hayupo, nilikuwa nimepanga upya makopo ya rezista, kuanzia ndogo hadi kubwa, nikajisifu mwenyewe. Kopo lililokuwa la tatu sasa lilikuwa la pili, na la tatu lilikuwa la laki moja na nusu. Kumbe ndiyo sababu alikuwa mkali kila nilipoyagusa. Hakuwa akisoma rangi. Alikuwa akihesabu makopo.

Niliogopa. Mtaa ukijua, hakuna atakayemletea hata tochi, na Baba hajui kukaa nyumbani.

"Kuna waya umelegea," nikasema. Nikaichomoa ile rezista, nikachomelea yenye mstari wa machungwa. Mshale ukapanda hadi kumi na mbili na nusu, ukatulia.

"Imefufuka!" Kinyozi akabeba betri na kipimo chake, akatoka mbio kabla haijabadili mawazo.

Baba hakucheka. Aliiokota rezista niliyoiacha mezani.

"Waya umelegea," akasema. "Waya niliochomelea mimi."

Akainyanyua mbele ya macho yangu.

"Huu mstari wa tatu ni rangi gani?"

"Njano, Baba."

"Mwaka wa nne huu, rangi zote naona matope matupu."

"Kwa nini hukuniambia?"

Alikivuta kiti changu kutoka ng'ambo ya meza, akakiweka ubavuni mwake, kisha akamimina makopo yote mbele yangu.

"Soma."

Nikaanza kusoma, moja moja. Kwenye ya nne nikawa nanong'ona tu.

"Soma vizuri," akasema. "Nasikiliza."