Bwana Punguzo na Kiatu cha Salha

Jana usingizi ulinipitia juu ya kitabu cha kuthamini makampuni, nikaota niko darasani nimevaa khanga na ndala. Hakuna aliyeshangaa. Asubuhi yake nilitakiwa kumjibu profesa kama nitabaki Dar es Salaam miaka miwili zaidi baada ya shahada ya uzamili, na mwanangu Salha aendelee kukaa kwa mama yangu Ujiji.

Mle ndotoni kikokotoo changu kikakohoa. "Dada, unaitwa mbele."

Mbele amesimama Bwana Punguzo, futi ya fundi cherehani shingoni, mkasi mkononi. Sheria yake wote tulishaikariri: cha kesho hakiingii leo mpaka kikatwe. Mfanyabiashara mmoja anapokea faida yake ya mwaka ujao, imebaki kama kipande cha sabuni. Anashukuru, anaenda zake.

"Wewe umeleta nini?"

"Kumbatio la mwanangu. La siku nitakayorudi."

Akalitandaza mezani. Jamani, lilikuwa kubwa! Lilinukia jasho la kucheza na mafuta ya mawese. Akakata la mwaka wa kwanza, akakata la mwaka wa pili.

"Atakuwa anakukumbuka?"

"Nadhani."

"Penye shaka naongeza mkato," akasema bila ubaya wowote, akakata tena. "Atakuita mama?"

Siku hizi anamwita hivyo bibi yake. Nilimsikia kwenye simu, nikajifanya mtandao unasumbua.

"Amenyamaza huyo," mkasi ukasema.

Nikakabidhiwa kilichobaki. Kilitosha kidole kimoja. Nikakivaa, kikanibana kidogo, halafu kikapoa. Nikatamani kumkumbatia mwanangu leo hii.

"Na cha leo?" nikauliza.

"Cha leo sikigusi. Ila kiko Ujiji."

"Mlango si ndio huo hapo?" kikokotoo kikasema, kama mtu aliyechoka kunielewesha.

Nafungua mlango wa darasa, naingia jikoni kwa mama. Salha ameketi kizingitini, anahangaika na viatu vyake vyekundu. Haniulizi nilikuwa wapi.

"Nivalishe," anasema.

Namvalisha kimoja. Nainama kuokota cha pili, simu inalia.

Nikaamka. Alikuwa mama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Hebu ongea na mtoto wako, atanitia wazimu! Kaamka na kiatu kimoja mguuni, ati kavalishwa na mama yake. Nikamuuliza, mama yako si mimi hapa? Akasema hapana, yule wa Dar. Na hicho cha pili tumekitafuta mpaka kwenye banda la kuku."

Nikautazama mkono wangu. Kiatu chekundu, kidogo, kisigino kina majivu ya jikoni.

"Mama, mwambie hicho alichovaa asikivue," nikasema. "Cha pili nakileta mwenyewe."