Sufuria za Usiku wa Ijumaa

Juha wa siku ile alikuwa Hafidh, wala hapana haja ya kumtafuta mwengine. Leo ukimuuliza anakubali mwenyewe, tena anacheka kabla yako ili usipate raha ya kuanza. Lakini Ijumaa ile, saa tisa alasiri, aliposhuka garini pale Vitongoji na simu mkononi ili apige picha, alikuwa hajapata habari. Alijiona mjuzi. Ujuha ndivyo ulivyo, mwenyewe huwa wa mwisho kuletewa salamu zake.

Gari ilisheheni sufuria sita kubwa za kupikia, majamvi arubaini, turubai na birika. Vyote mali ya jumuiya ya vyombo ya mjini Chake, kisiwani Pemba, ile inayoazima watu vifaa vya shughuli. Ukiwa na harusi, hitima au maulidi unajiandikisha, na siku ikifika vyombo vinaletwa mlangoni. Wiki ile jumuiya ilikuwa inaujaribu mfumo mpya wa kompyuta, na mfumo huo kautengeneza Hafidh. Makubaliano yalikuwa bayana: wiki ikipita bila lawama, msimbo wa zamani, yaani yale maandishi yanayoiendesha kompyuta, unafutwa, na Hafidh anaajiriwa kuwa msimamizi wa mifumo. Yeye alikuwa keshajiajiri kwa mdomo wake. Alishamwambia baba yake Yumna, msichana anayetaka kumposa, huko Kengeja, kwamba ana kazi ya kudumu, na mzee yule hatoi binti kwa mtu wa vibarua.

Bi Moza, mwenye shughuli, alitoka nje akifuta mikono kwenye kanga.

"Asalaam aleikum, Bi Moza! Vyombo hivyo, kwa wakati wake."

"Waaleikum salaam. Wakati wa nani, mwanangu?"

"Si maulidi yako ya usiku wa Ijumaa? Na leo si Ijumaa?"

Bi Moza alimtazama kama mtu anavyomtazama kuku aliyeingia msikitini. "Maulidi yashasomwa jana. Watu mia mbili wamekaa juu ya mikeka ya kulalia. Pilau tumeipika katika sufuria ishirini na moja za majirani, kila moja na chumvi yake. Shehe kaangukia sufuria ya jirani Mwanawema, kaomba maji mara nne! Leo weye unanletea sufuria, nipike nini? Aibu?"

Mtu mwenye akili angenyamaza. Hafidh akafungua simu. "Lakini mama, mfumo unaonesha..."

"Huo mfumo ulialikwa?"

Wanawake waliokuwa wanaosha sahani nyuma ya nyumba walicheka mpaka mmoja akaketi chini. Jaribu, dereva, hata hakushuka. Aliweka kidevu juu ya usukani, akasema polepole, "Miye jana nlimwambia. Nlimwambia kuna maulidi Vitongoji. Akanijibu gari inaongozwa na mfumo, haiongozwi na uvumi."

Na kweli alisema hivyo. Alhamisi adhuhuri Bi Moza alipopiga simu kukumbusha, Hafidh alimjibu, "Vyombo vyako vimepangwa, mama, lala usingizi," kisha akakata. Jua lilipotua akaenda msikitini akasoma Yaasin ya usiku wa Ijumaa pamoja na wenziwe, kama alivyolelewa, na haikumpitikia kabisa kwamba usiku anaousomea Yaasin ndio ule ule ambao watu wa Vitongoji wanazisubiri sufuria.

Ilikuwaje hata akafika huko? Ilikuwa hivi.

Mfumo wa zamani uliandikwa na Bi Shamima, mwalimu wa hesabu aliyestaafu, miaka kumi na tano nyuma, kwenye kompyuta ya msaada iliyokosa herufi tatu. Moyo wake ulikuwa klasi moja inayoitwa Shughuli. Klasi, kwa asiyejua, ni maandishi yanayoieleza kompyuta kitu fulani kina nini na kinafanya nini. Hii ilijua shughuli ni ya nani, iko wapi, inataka vyombo vingapi, na gari iondoke siku gani. Ilikuwa na mistari mingi kama vipele, haikuwa na sura ya kutazamika, na haikuwahi kukosea.

Hafidh alirudi kutoka Dar es Salaam na shahada, kompyuta yenye vibandiko mgongoni, na fremuweki ya kisasa, yaani kiunzi ambacho wajuzi wengine wameshakijenga na wewe kazi yako ni kupachika vya kwako. Kuiandika upya klasi ya bibi kulimwia uvivu, na kuisoma yote kulimwia uvivu zaidi. Akafanya wafanyavyo mafundi. Akaandika klasi mtoto, akaiita ShughuliMpya, ikairithi ile kongwe. Klasi mtoto hupata kila alichonacho mzazi bila jasho, na lolote asilolitaka huliandika upya kwa jina lilelile, likafuatwa la mtoto. Urithi mtamu. Ila bwana yule alirithi nyumba asiyoingia vyumba vyake, wala hakukumbuka kwamba mzazi akifutwa, mtoto naye hana pa kusimama.

Alipokuwa anapitapita juujuu akakuta kipande kimoja: shughuli ikiwa baada ya magharibi, rudisha nyuma siku moja ndipo upange gari. Juu yake pameandikwa, "USIIGUSE HII. Sh." Hafidh alicheka peke yake. Akaipiga picha, akawarushia wenziwe wa Dar: Oneni kizazi cha kina bibi, hata kalenda hawaijui! Wenziwe wakarudisha vikatuni vya kucheka. Basi akakiandika upya kipande kile ndani ya klasi mtoto, mistari mitatu, tarehe ikatoka moja kwa moja kwenye fremuweki, ambayo siku yake huanza saa sita za usiku. Akaujaribu mfumo kwa shughuli kumi za kubuni, zote za mchana. Zote zikaja kijani, rangi ya kufaulu. Katunga mtihani mwenyewe, kaufanya mwenyewe, kajipa mia kwa mia.

Na Bi Shamima, ambaye bado hutunza vyombo pale ofisini, alikuwa viti viwili kutoka kwake, anahesabu vijiko! Kumuuliza neno moja tu Hafidh aliona ni kujishusha.

Jumamosi asubuhi kamati ikakaa. Mzee Masoud, mwenyekiti, alikuwa na buku la kumbukumbu mbele yake, na ndani yake sentensi iliyoandikwa tangu Jumatatu, "Msimbo wa zamani ufutwe," ikisubiri saini tu. Mzee alipenda mfumo mpya. Una rangi nzuri, alisema.

"Lawama imekuja," Mzee Masoud alianza, "tena imekuja na Bi Moza mwenyewe, na sauti yake mnaijua. Hafidh, sema."

Hafidh alisimama. Alikuwa amejiandaa. "Mzee wangu, kosa si la ShughuliMpya. Kosa ni la ile klasi ya zamani, inafanya mambo kwa kificho. Inapindua tarehe bila kueleza. Ndiyo maana nasema ifutwe leo leo."

"Kificho?" Bi Shamima aliinua macho kwenye kasha la vijiko. "Nimeandika 'usiiguse' kwa herufi kubwa. Ulitaka niipigie ngoma?"

"Bi Shamima, hukueleza sababu."

"Sikujua kama Mpemba mwenzangu atahitaji kuelezwa usiku unatangulia mchana wake, kwamba usiku wa Ijumaa ni Alhamisi jua likishatua. Lete hiyo kompyuta. Ifute hiyo mistari yako mitatu, na usiguse kingine."

Hafidh akaifuta, kwa kuwa Mzee Masoud alikuwa anamtazama. Klasi mtoto, ikiwa haina tena la kwake, ikachukua la mzazi. Orodha ya safari ikajipanga upya mbele ya macho yao, na juu kabisa, kwa wekundu, ikaja harusi ya Msuka: usiku wa Jumapili, saa mbili. Gari iondoke Jumamosi, saa nne asubuhi.

Wote watatu wakaitazama saa ya ukutani. Saa tano kasorobo.

"Ya Rabi," alisema Mzee Masoud. "Msuka ni mwisho wa kisiwa! Jaribu! Jaribu, pakia sufuria, nenda! Kula utakula njiani!"

Nje walisikia sufuria zinagongana na Jaribu akiapa kwamba wiki ijayo ataendesha punda. Kwa mfumo wa Hafidh gari ile ingeondoka kesho, ikafika Msuka bibi harusi keshaamka kwa mumewe.

Mzee Masoud aliichukua kalamu. Akakata neno "ufutwe," juu yake akaandika "ubaki." Akafikiri kidogo, akaongeza mstari mwengine, akausoma kwa sauti: "Hafidh aendelee na kazi kwa muda wa miezi sita, chini ya Bi Shamima, na asibadilishe kitu asichokisoma." Akatia saini.

Kwa muda. Chini ya. Hafidh aliyasikia maneno hayo kwa masikio ya baba yake Yumna, yakamuuma kuliko kicheko cha Vitongoji. Hapo ndipo alipopaswa kushukuru, akaketi. Akabaki kasimama.

"Sawa, nimekosea kutouliza. Lakini kwa haki, Mzee Masoud, mfumo wangu ndio sahihi. Dunia nzima, wataalamu wote, siku inaanza saa sita za usiku. Hiyo ya kuanza magharibi ni mazoea ya watu tu, kompyuta haiwezi kufuata mazoea ya watu. Mnataka tuwe nyuma ya dunia nzima?"

Bi Shamima alifunika kasha la vijiko.

"Mwezi wa Ramadhani ukiandama, Hafidh, tarawehe ya mwanzo, kabla ya funga ya kwanza, utaisali usiku ule ule na siye, au utakaa kitako kuisubiri dunia nzima?"