Kiti cha Karibu na Jiko

Saikal alikuwa amechoka mpaka kwenye mifupa. Miaka yote aliyokuwa mkufunzi wa walimu huko Naryn, aliwafundisha vijana jinsi ya kumsaidia mtoto mzito wa kuelewa bila kumwaibisha. Na kila mwaka, siku ya mtihani wa kufundisha, aliletewa maonyesho yaleyale: sakafu imepigwa deki, wasichana wamefungwa mashada ya utepe mweupe kichwani, na nyama ya farasi inawasubiri watahini ofisini.

Leo ilikuwa zamu ya Aizirek, mwanachuo aliyempenda kuliko wote. Binti alifundisha vizuri ajabu. Alikiendea kiti cha karibu na jiko la kupashia darasa joto, ambacho ni cha Adilet, mvulana asiyesema sana na anayechelewa kuelewa. Akapiga magoti, akatoa vijiti vya kuhesabia, akangoja kwa subira. Ila aliyekaa pale alikuwa msichana, mdomo wazi, akihesabu kwa kusuasua. Watahini hawakumjua Adilet, wakaridhika. Kengele ilipolia, msichana yule akaruka na kuikokotoa hesabu yote ya ubaoni kwa mpigo mmoja.

Watahini wakaenda kula. Saikal angeweza kutia saini na kwenda zake nyumbani kukanda miguu.

“Adilet yuko wapi?” alimuuliza Aizirek.

“Kwao, mwalimu. Hapo ng'ambo ya barabara.”

“Na yule mwigizaji?”

“Mwalimu mkuu ndiye aliyemweka. Kasema tusijitie aibu mbele ya wageni.” Aizirek aliinamisha kichwa. “Na mimi nikanyamaza. Nikifeli leo, nyumbani hawanirudishi tena chuoni.”

“Basi cheti nimpe yule mtoto. Kazi kaifanya yeye.”

Aizirek hakucheka.

“Kamlete Adilet,” Saikal alisema.

“Sasa hivi? Akianza kulia je?”

“Atalia.”

“Na mimi nikishindwa?”

“Utashindwa, binti yangu. Mimi nashindwa tangu hujazaliwa. Nataka kuona ukishashindwa utafanya nini. Hapo ndipo nitakapokupa alama.”

Aizirek akatoka mbio bila koti. Saikal akavua lake, akajibana kwenye kiti kidogo cha nyuma. Alimwonea huruma binti yule. Mwalimu mkuu alistahili maneno makali, lakini hata hasira inataka nguvu, naye hakuwa nazo.

Mlango ukafunguliwa. Aizirek aliingia akihema, na nyuma yake akaja mama mmoja aliyemshika mkono Adilet. Mtoto alikuwa amevaa shati jeupe lililopigwa pasi, nywele zimechanwa kwa maji. Inaonekana alivalishwa tangu asubuhi. Mama akasita mlangoni, akachungulia ndani.

“Samahani, mwalimu,” alisema kwa sauti ya chini. “Wageni wameshaondoka? Sasa tunaweza kuingia?”

Saikal alishindwa kumtazama usoni.

“Wameondoka,” alisema. “Karibuni.”