Nyayo za Sir Godfrey

Wageni wa siku ile walikuwa wabaya kuliko siafu, maana siafu akikuuma unamjua, hawa walinisifu. Bwana Semboja, katibu wa chama pale kwetu Muheza, alikuja na wenzake kuniambia kwamba ubunge ulioachwa na marehemu kaka yangu Mhando haumfai mtu mwingine ila mimi. Mimi, niliyekuwa utingo wa lori, kisha muuza machungwa, kisha mgonjwa wa kila maradhi yasiyo na dawa hospitalini, leo nimekuwa “damu ya uongozi”! Niliwatania, wakacheka hata pasipochekesha, na hapo ndipo nilipoingiwa na hofu. Wakaaga kwamba watarudi alasiri na ngoma kuchukua jibu, na likiwa ni ndiyo, watanibeba juu juu hadi ofisini kama walivyombeba kaka. Mke wangu, Mama Mwajabu, alisema neno moja tu: “Wanawe Mhando walimjua baba yao kwa mabango.” Akarudi jikoni. Nikajitupa kochini na kitabu kikuukuu cha picha za Uingereza ya kale, nikafungua ukurasa wa baroneti mmoja wa karne ya kumi na nane, Sir Godfrey Harcombe, amebebwa kitini baada ya kushinda uchaguzi. Baroneti, kwa asiyejua, ni mtu ambaye ukoo wake umepewa na mfalme jina la “Sir”, likarithiwa na mtoto wa kiume wa kwanza kama kwetu linavyorithiwa shamba pamoja na ugomvi wake. Jua lilikuwa kali, kichwa kizito. Nikazama.

Nikajiona katika nchi ya ukungu, miti yake haina ndege na watu wake hawana vivuli, na mbele yangu nyumba kubwa ya mawe yenye dirisha moja tu lililowaka. Nje ya lango alikuwa ameketi mwanamke mwenye gauni la kijivu, ameinamisha uso. “Mimi ni Haya,” akasema. “Zamani nilikuwa na chumba ndani ya nyumba ile. Siku hizi nalala nje.” Nikamwambia, “Nyumba yote hiyo, bibi, wamekosa hata pembe ya kukulaza?” Akajibu taratibu, “Waliohamia ndani wamejitanua, mgeni. Njoo uwaone wakipita.”

Basi ukatoka katika ukungu msafara wenye tarumbeta, na katikati yake kiti kikubwa kilichopambwa majani na riboni, kimebebwa mabegani na wanne. Mbele alikuwa Fahari, kifua kimemtangulia hatua nzima, ubavuni kwake Tamaa, mwembamba kama ufito, lakini ndiye aliyebeba zaidi, nyuma Husuda, asiyetazama njia bali bega la mwenzake, na wa mwisho Sifa, mwenye sauti kama asali iliyotiwa moto, akiimba, “Bado mtaa mmoja, mheshimiwa! Bado mtaa mmoja tu!” Juu ya kiti, Sir Godfrey, na nywele zake za bandia zilizopakwa unga, anapunga mkono. “Hii ndiyo mila yao,” Haya akaninong'oneza. “Mshindi huzungushwa mji mzima, na nyayo zake hazigusi ardhi mpaka arudishwe mlangoni kwake. Zikigusa, sherehe imekwisha, naye amekuwa mtu kama watu. Mlango ni ule pale. Hesabu mwenyewe mara anazoupita.”

Sikuhesabu, niliogopa. Walipopita mara ya kwanza nilimwona dirishani Lady Dorothea, mke wake, kijana mbichi, na watoto watatu wakipunga vitambaa. Walipopita tena, mtoto wa katikati hakuwapo, na juu ya mlango ulikuwa umetundikwa ubao mweusi wenye nembo ya ukoo, kama nyumba zile zinavyofanya zikifiwa. Sir Godfrey akauona ubao ule, akauvulia kofia. Nadhani alidhani ni mpiga kura. Walipopita tena, mama naye hakuwapo. Ukungu ulikuwa unanukia mishumaa iliyozimwa. Mlango ukafunguka, akatoka mwanamke mwenye mvi, na katika macho yake nikamtambua yule binti mdogo wa dirishani, Letitia. Akanishika mkono, vidole vyake vilikuwa baridi kama samaki. “Mgeni, wewe una miguu, wakimbilie. Mwambie baba chakula kimepoa. Mama alisema hivyo hadi akafa. Sasa nasema mimi.”

Nikakimbia, nikashika kiti, nikainua uso nimpe salamu zake. Macho ya Sir Godfrey yalikuwa yamejaa utando wa buibui. Ngozi ilikuwa imekaukia mfupani, na ule mkono unaopunga ulikuwa umefungwa riboni, Sifa anauvuta kwa chini. “Amekufa!” nikapiga kelele. “Tunajua,” akasema Fahari. “Kwani kuna aliyelalamika?”

Nikauliza mrithi yuko wapi. Husuda akacheka: kijana Edmund, kaka yake Letitia, alipoitwa arithi jina na msafara, aliruka ukuta usiku uleule, hakuonekana tena. Hapo Sifa akageuka, akanitazama toka utosini hadi kidoleni, na sauti iliyotoka ilikuwa ya Bwana Semboja mtupu: “Huyu hapa! Damu ya uongozi!” Nami, wasomaji wangu, nisiwafiche, niliona raha. Mgongo wa kiti, nilipoutazama, ulikuwa kama uliopimwa kwa mgongo wangu. Wakanishika makwapani wanipandishe, nikahisi visigino vinaachana na udongo. Kwa mbali nikamsikia Haya: “Mgeni, anayekuinua hakuulizi utashukia wapi. Usitazame umati, tazama dirisha.” Nikatazama. Hakuwa Letitia. Alikuwa binti yangu Mwajabu, ameshika sahani, ananitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka amewahi kuiona wapi picha ile.

Nikaukamata mguu wa maiti uliokuwa ukining'inia shavuni kwangu, nikauvuta kwa nguvu zote nilizopata katika miaka yangu ya kubeba mizigo ya lori, hadi kisigino kikagusa tope. Tarumbeta zikakatika. Wabebaji wakatawanyika kama moshi, na ndani ya vumbi lililobaki kitini ikatoka sauti ya mtu mchovu: “Dorothea, kuna chakula?”

Nikashtuka. Ngoma ilikuwa imefika uani. Mama Mwajabu alikuwa amesimama mlangoni na jagi la maji na beseni. “Unampungia nani?” akauliza. Nikatazama: mkono wangu wa kulia ulikuwa juu, unapunga dari, peke yake.

“Hodi, mheshimiwa!” Bwana Semboja akaita nje. “Tumekuja kukubeba!”

“Karibuni!” nikajibu. “Vueni viatu, mketi mkekani, tule. Mimi leo sibebeki, wala kesho.” Ngoma ikanyamaza. Nikashusha miguu, sakafu ikanipokea kwa baridi yake. Nikaunyoosha ule mkono, mke wangu akaumwagia maji, Mwajabu akaleta sahani. Ugali ulikuwa bado unafuka moshi.

Nikala kwa mkono uleule. Lakini hata sasa, nikisikia ngoma inapita barabarani, naukalia, usije ukapunga.