Leseni ya Kwenda Kumzika Mwamvita

Usingizi hauji kwa Kondo, unamnyang'anya, kama walivyomnyang'anya funguo za lori. Amejilaza kwenye kivuli cha tela, pale kwenye kizuizi cha barabara katika mkoa usio wake, jua la mchana linalainisha lami, na huko kwao Maneromango mkewe Mwamvita, aliyekata roho alfajiri, anaoshwa ili azikwe alasiri. Kondo alikuwa anamkimbilia tangu mke angali mgonjwa. Leseni ikampotea njiani, hajui ni gesti au ni kwa mama ntilie, na afande akasema lori haliondoki na yeye haondoki mpaka alete nyingine au namba yake ionekane mtandaoni. Ameomba apande basi tu, lori libaki, akajibiwa kwamba dereva naye ni kielelezo cha kesi. Wakubwa ndivyo walivyo. Msiba wao unapigiwa ving'ora, nchi nzima ikae pembeni. Msiba wa Kondo unasubiri mtandao urudi. Basi anafumba macho, na lami inakunjuka kama mkeka, naye yumo ndani yake anatembea.

Barabara haina mwisho wala kibao. Inapinda, inajirudia, inampitisha mahali alipokwisha pita, kisha inamtua kwenye mji ambao nyumba zake zote ni vioo, na katika kila kioo yuko Kondo mwingine ameshika karatasi ya polisi ya upotevu, wote wanavuja jasho, hakuna anayemsalimu mwenziwe. Kila nyumba ni ofisi, kila ofisi ina dirisha, na dirishani yuko karani asiye na uso, laini kama kitako cha sufuria iliyosuguliwa kwa majivu. Kondo anajieleza, leseni imepotea, anataka nyingine, ana maiti inamngoja. Anaambiwa arudi mkoa alikoipatia. Anageuka, na kugeuka tu kunamfikisha, dirisha ni lilelile, karani ni yuleyule au nduguye, naye anamwambia aende mkoa alikoipotezea. Anageuka tena. Anakwenda na kurudi, anarudi na kwenda, mpaka mikoa inakuwa kama milango miwili ya chumba kimoja, na humo chumbani hakuna kitu ila yeye.

Ndipo anapomwona mtu amejifunga kanga ya zambarau ya Mwamvita, anatembea mwendo wa Mwamvita, mkono kiunoni, mguu wa kushoto anauburura kidogo. Moyo wa Kondo unaruka, halafu unaanguka palepale uliporukia, kwa sababu mtu huyo naye hana uso. Anamjua ni nani. Huyo ni mtani. Mzaramo akifiwa, Wanyamwezi watani wake huja, wakavaa nguo za marehemu, wakaiga sauti yake, wakawasimanga wafiwa mpaka kilio kichanganyike na kicheko, na hakuna wa kuwakasirikia.

Mzaramo gani wewe, anasema mtani, mkeo anabebwa na wanaume wenzio, wewe umekaa unajitazama kwenye vioo kama bibi harusi?

Sina leseni, mtani wangu.

Leseni ya kuendesha au ya kulia?

Zote wamezishika wao, anasema Kondo.

Mtani anacheka kicheko cha Mwamvita, kile cha kuziba mdomo kwa kiganja. Kitendawili, anasema. Kondo anasema tega, ulimi umezoea. Nyumba, anayeijenga halali humo, anayelala humo hakuijenga. Jibu Kondo analijua, liko mdomoni limekaa kama jiwe, ila akilitamka Mwamvita atakuwa amekufa kweli. Basi usijibu, mtani anamwambia, nifuate. Wanakwenda, na barabara inapita katikati ya jiko la kina Kondo, inapita kando ya kitanda alichougulia Mwamvita peke yake, shuka bado lina joto, na Kondo anataka kusimama lakini barabara haisimami, inawatema makaburini Maneromango, watu wamejaa, wote wamempa kisogo.

Mtani anaruka ndani ya kaburi, analala chali, anakunja mikono. Hazikwi mtu hapa, anasema, mumewe yuko njiani, wenye nyota mabegani wanamchezea. Shehe anambembeleza, wachimbaji wanamvuta miguu, wapi. Kondo anapenya katikati ya watu na hakuna anayegeuka. Anachungulia. Mtani anamnyooshea kiganja, maana mtani haondoki bure. Kondo anajipapasa mfuko wa shati, na leseni hii hapa, na picha yake ya ujanani. Anaitoa bila kufikiri mara mbili. Mtani anaitazama, anauliza sura mbaya hivi mke wa watu aliipendea nini, anaifunga kwenye pindo la kanga. Sasa huna pa kwenda, anasema, shika udongo.

Kondo anauchota. Mwamvita, anasema, nilikuwa nakuja.

Najua, baba Chausiku, inajibu sauti kutoka mle shimoni, na hiyo siyo ya kuigiza. Hata posa yako ilichelewa.

Simu inaita. Kivuli cha tela kimehama, Kondo amelala juani. Ni Mwinjuma, kaka yake Mwamvita, sauti imemkauka. Anasema wameshamaliza, ila walicheleweshwa na Mihayo, yule mtani wao Mnyamwezi. Alijilaza kaburini akagoma, akidai mume yuko njiani, wakamsihi, wakamvuta, hakutikisika. Mara akanyamaza, akainuka mwenyewe, akajipangusa kanga, akasema zikeni, ameshafika. Tukaangaza huku na huku, anasema Mwinjuma, mbona hatukukuona, shemeji?

Afande anagonga bodi la lori, anamwita mzee, anamwambia mtandao umerudi, aje achukue karatasi zake. Kondo hamgeukii. Ameibana simu sikioni kwa mikono miwili.

Mwinjuma, anasema, wewe uliyekuwapo, niambie. Nilipofika, udongo niliutupa?

Kondo anasubiri jibu kutoka upande wa pili, na hajui tena upande wa pili ni upi.